Jembe ni la Nani?

Tukisikia kwamba mzee wa miaka 75 amepewa jembe, wengi wetu huona uchungu. Twasema amelima vya kutosha, sasa apumzike. Nami niliamini hivyo, kwa sababu nilipokuwa mwalimu mkuu nililitumia jembe kama fimbo. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shamba la shule liwe darasa. Mimi nililigeuza kuwa mahali pa kumpeleka mtoto aliyechelewa namba.

Wilaya yetu ya Kilosa inalijua jembe la amri tangu zamani. Mkonge ulioletwa nchini na Richard Hindorf mwaka 1893 ulienea hadi Kimamba na Rudewa, nao ulihitaji mikono mingi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuajiri vibarua kutoka mbali: Kigoma, Songea, hata nje ya nchi. Hao ndio manamba. Kila mmoja alikuwa na kipande chake, na mshahara ulitoka baada ya kutimiza siku 30 za kazi. Baadaye kamba za plastiki ziliangusha bei ya mkonge, mashamba mengi yakarudi pori, na watu wakabaki. Wengine walizeeka bila ndugu wa karibu. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema mzee atunzwe kwanza na familia, na makao ya wazee yawe njia ya mwisho. Lakini asiye na familia huanzia hapo mwishoni.

Namkumbuka mzee mmoja wa Kigoma aliyefika kwetu kama manamba akiwa kijana. Alipoachana na mkonge alijipatia kishamba kando ya mto Mkondoa. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yalichukua nyumba na kishamba, naye akapelekwa kwenye makao ya wazee. Nilipomtembelea alikuwa amekula, amevaa safi, na ameuelekea ukuta. Nje palikuwa na bustani nzuri, lakini ililimwa na vijana wa kibarua. Wazee walikatazwa kuigusa, wasije wakaanguka.

Safari iliyofuata niliomba ruhusa, nikampelekea mbegu na jembe dogo. Hakulipokea. Aliniuliza, "Mwalimu, jembe hili ni la nani?" Nikamjibu ni lake, na tuta litakuwa lake. "Na mboga?" Nikasema zake pia. Akazikataa mbegu zangu za mchicha, akataka maboga.

Miezi michache baadaye nilimkuta akigombana na jirani yake juu ya maji ya kumwagilia. Nilifurahi kusikia ugomvi ule, maana mtu aliyekata tamaa hagombanii ndoo ya maji. Nilipoaga alinifungia majani ya maboga nimpelekee mke wangu. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kwa mara ya kwanza tangu mafuriko, mkono wake haukuwa mtupu.

Baadaye nilisoma kwamba wataalamu wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walikuwa wameeleza jambo kama hilo mwaka 1976. Katika makao ya wazee ya Connecticut, wazee wa ghorofa moja walihimizwa kujiamulia mambo yao, na kila mmoja akachagua mmea wa kuutunza mwenyewe. Wa ghorofa nyingine walipewa mimea, lakini wauguzi ndio walioimwagilia. Wale wa kwanza walionekana wachangamfu zaidi na wenye furaha zaidi. Mimea ilikuwapo kote kuwili. Tofauti ilikuwa nani mwenye uamuzi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayetaka kuanzisha bustani kwenye makao ya wazee asianze na mbegu. Aanze kwa kuuliza: huyu anataka kupanda nini, na mavuno ni ya nani? Tuta liinuliwe ili asiiname sana, maji yawe karibu, na asiyetaka kulima aachwe akae kivulini. Pasipo hayo, tutakuwa tumemrudishia kipande chake.

Sasa naishi Mikumi, ambako tembo wa hifadhi huja usiku kukagua migomba yangu. Wanangu walioko Dar es Salaam wananiambia niache kulima, nipumzike. Najua wananipenda. Nawajibu kwamba jembe hili ni langu.