Unadhimu wa Mikongo ya Baharini

Kazi ya kusimamia soko la mikongo ya baharini, yaani nyaya za faiba zilizolazwa sakafuni mwa bahari ili zibebe intaneti kutoka nchi hadi nchi, huitwa udhibiti, na neno hilo limezoeleka kiasi kwamba anayelihoji huonekana mtovu wa adabu. Limezoeleka, lakini halifai.

Dhibiti limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kushika barabara, mzizi uleule uliozaa madhubuti. Ndiyo maana Waswahili hudhibiti moto, magendo na kipindupindu, mambo ambayo wangependa yasiwepo kabisa. Hata miongoni mwa Waarabu si wote wanaolitumia kwa kazi hii, kwani mamlaka ya mawasiliano ya Oman hujiita kwa neno tandhimu, la mzizi ambao asili yake ni kutunga lulu uzini, na ambao Kiswahili kinao tangu zamani katika nidhamu, katika kunadhimu shairi na katika cheo cha Mnadhimu Mkuu wa jeshi. Humo ndimo linamotoka neno linalofaa, unadhimu: kuwapanga washindani ili kila mmoja apate nafasi bila kumziba mwenzake. Kikao kimoja cha istilahi kililikataa kwa hoja kwamba linanuka kambi, kana kwamba washairi wa kale walipitia kambi ya JKT Ruvu kabla ya kushika kalamu. Na wajumbe haohao hutamka mkongo bila kupepesa macho, ingawa kwa wapasua mbao huo ni mti, na kwa watu wengine ni raia wa Kongo.

Tofauti ya maneno haya mawili inaonekana bondeni mwa mto Ruvu. Maji ya mto huo husafishwa katika mtambo wa Ruvu Juu, Mlandizi, na kusambazwa na mamlaka ya maji ya DAWASA. Mkazi wa Kibaha au Kisarawe hana mtandao wa pili wa mabomba wa kuchagua, hivyo mamlaka ya EWURA inapopanga bei ya maji inamshika mkono muuzaji pekee, na hapo udhibiti umekaa mahali pake. Baharini mambo ni mengine. Mkongo wa SEACOM, mali ya wawekezaji binafsi, ulianza kazi mwaka 2009. EASSy, wa muungano wa kampuni za simu, ukafuata mwaka 2010, baada ya mabishano marefu kuhusu iwapo kampuni isiyo na hisa ingeuziwa nafasi kwa masharti ya haki, mabishano ambayo Kenya iliyachoka ikaenda kuvuta mkongo wake wa TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa. Suluhu ya EASSy ilikuwa kampuni ya WIOCC, iliyokopeshwa na taasisi za fedha za maendeleo kwa sharti la kuwauzia wote bila upendeleo. Sharti hilo halikumkaba mtu koo. Liliweka foleni mlangoni, na kuliita udhibiti ni kulisingizia.

Katika matumizi, msimamizi ataitwa mnadhimu wa soko, na kanuni zake kanuni za unadhimu. Ikumbukwe pia kwamba EWURA na LATRA ya usafiri wa ardhini hubeba udhibiti katika majina yao ya Kiswahili, ilhali TCRA, ambayo jina lake la Kiingereza lina neno la maana hiyo, kwa Kiswahili ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania tu. Huenda aliyelitafsiri jina hilo aliona udhibiti haukai, akaacha pengo, na pengo hilo bado liko wazi.