Ndoa ya Bomani

Mwezi Julai 1973 nilipanda basi kutoka Mombo kwenda Lushoto, nikiwa nimevaa suruali ya kuazima, ili nishuhudie arusi ya rafiki zangu wawili. Sote watatu tulikuwa tumemaliza chuo cha ualimu mwaka uliotangulia. Bwana arusi alikuwa Mwislamu wa Pangani; bibi arusi alikuwa Msambaa, Mlutheri. Chuoni jambo hilo halikumshangaza mtu, kwani tulikula sufuria moja na kulima shamba moja, watu wa kila kabila na kila dini. Lakini chuo si nyumbani.

Wazee wa Pangani walitaka binti asilimu kwanza. Wazee wa Lushoto walitaka kijana abatizwe. Wenyewe walikuwa wamekwisha kubaliana kwamba hakuna atakayemgeuza mwenzake dini kwa ajili ya arusi. Ikabaki njia moja tu, ile ambayo watu wa rika langu wanaiita ndoa ya bomani.

Kabla ya 1971, mambo ya ndoa Tanzania Bara yalikuwa na milango mingi. Waislamu walifuata sheria yao, Wahindu yao, makabila mila zao, na Wakristo pamoja na waliofunga ndoa ya serikali walifuata sheria iliyoachwa na Waingereza. Mwaka 1969 Serikali ilitoa mapendekezo ya kuweka sheria moja, nayo yakabishaniwa sana. Matokeo yake yakawa Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya 1971, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huo. Haikufuta ndoa ya msikitini wala ya kanisani. Iliweka masharti ya kuwahusu wote: waoanao waridhie kwa hiari yao, wawepo mashahidi wawili, na ndoa iandikishwe. Ilisema pia kwamba ndoa haibatiliki eti kwa sababu mahari haikutolewa.

Vilevile ilitaka taarifa itolewe siku 21 kabla ya ndoa, ili mwenye pingamizi apate kulileta. Siku hizo 21 ndizo zilizokuwa mtihani wenyewe. Karatasi yenye majina ya rafiki zangu ilibandikwa bomani, na kila aliyekwenda pale kwa shauri lake aliisoma. Bibi arusi alinisimulia kwamba baba yake alikwenda mara mbili. Aliisoma, hakusema neno, akarudi zake nyumbani. Ukimya ule ndio radhi pekee aliyoitoa.

Siku yenyewe kulikuwa na ukungu na baridi kali ya milimani. Ofisa aliwauliza kila mmoja kwa zamu kama ameridhia. Akauliza pia kama ndoa hii ni ya mke mmoja au ya wake wengi, maana sheria ilitambua zote mbili. Bwana arusi akajibu, "Mke mmoja." Mjomba wake, aliyekuja peke yake kutoka Pangani, akakohoa, watu wakacheka. Nilitia sahihi nikiwa shahidi wa pili, mkono ukinitetemeka.

Serikali iliishia hapo. Yaliyosalia ilibidi watu wayafanye wenyewe. Tulikuwa na mbuzi mmoja. Mjomba akavua koti, akaomba kisu, akamchinja kwa kisomo cha dini yake ili kila mtu apate kula. Shangazi wa bibi arusi akashika beseni. Sikusikia hotuba siku ile, lakini wale wawili walipokuwa wakisaidiana kuchuna nilijua kwamba arusi imekuwa arusi. Baba hakuja.

Kwa miaka mingi niliisifu sheria ile mbele ya wanafunzi. Kisha katika miaka ya 1980, nikiwa mwalimu mkuu, mzazi mmoja aliniletea kadi ya mwaliko. Binti yake alikuwa ndiyo kwanza amemaliza darasa la saba, hodari wa hesabu, mwenye miaka 15. Nilimkaripia. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, sheria inaruhusu."

Alikuwa anasema kweli. Kifungu cha 13 cha sheria ile ile kilimtaka mwanamume awe na miaka 18, na mwanamke 15. Na kifungu cha 17 kilitaka ridhaa ya baba kwa binti asiyefika miaka 18. Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Mimi nilikuwa nimekwisha staafu, na binti yule amekwisha kuwa bibi.

Arusi yake sikwenda. Nilijiona nimefanya jambo la maana, kumbe kutokwenda kwangu hakukumsaidia kitu. Sheria moja iliwapa rafiki zangu nafasi ya kusema wenyewe "nimeridhia", na hiyo hiyo ikamwacha baba aseme badala ya mtoto. Kule Lushoto ofisa asiyewajua aliwauliza wote wawili. Binti yule nilimfundisha miaka saba, na wala sikumwuliza.