Ngao, winchi na bomba la hewa: ni vifaa gani vya kinga vinavyolifaa gari la porini?

Gari lililoandaliwa kwa safari za porini hutambulika kwa mbali: vyuma vinene mbele ya rejeta, bomba la hewa lililopanda hadi usawa wa paa, keria nzito juu na winchi chini ya taa. Vifaa hivyo hugharimu fedha nyingi, na mara nyingi hununuliwa kabla mwenye gari hajajiuliza vitamkinga na nini. Makala hii inaeleza kazi ya kila kimoja, faida yake na hasara yake, kwa kuzingatia njia ambazo wasafiri wa kanda yetu huzipita wanapovuka mipaka kuingia Tanzania na Kongo.

Ngao ya mbele

Vyuma vya mbele, ambavyo mafundi wa Tanzania huviita ngao, vilipata umaarufu hasa nchini Australia, ambako kangaruu hukatiza barabara nyakati za usiku mamia ya kilomita kutoka gereji iliyo karibu. Shabaha yake ya kwanza si kumwokoa dereva. Ni kuilinda rejeta, feni na taa, ili gari lililogonga mnyama liweze kuendelea na safari badala ya kukwama nyikani.

Hali ya namna hiyo ipo pia kwetu. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, ambayo hupitiwa na malori ya Lubumbashi, hukata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takribani kilomita 50. Twiga, nyati na tembo huvuka hapo mchana na usiku. Hata hivyo, hakuna ngao inayoweza kustahimili uzito wa tembo, na twiga akigongwa miguu, mwili wake huangukia kioo na paa, si rejeta. Kinga ya kweli hapo ni mwendo mdogo, na ndiyo maana barabara hiyo imewekewa matuta na vibao vya kupunguza mwendo. Ngao husaidia zaidi dhidi ya mbuzi, ng'ombe, swala na vichaka.

Upande wa pili wa shilingi ni mtu anayetembea kwa miguu. Sehemu ya mbele ya gari la kisasa imeundwa ibonyee inapogonga, ili nguvu ya mgongano ipungue kabla ya kuufikia mwili wa binadamu. Chuma kigumu huiondoa nafasi hiyo, na mtoto aliyesimama kandokando ya barabara hupigwa kifuani au kichwani na kitu kisichobonyea. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2005 agizo linalotaka ngao za mbele zipimwe athari zake kwa watembea kwa miguu kabla ya kuuzwa. India nayo, mwezi Desemba 2017, iliziagiza serikali za majimbo kuchukua hatua dhidi ya magari yenye ngao zisizoidhinishwa.

Abiria pia wanahusika. Ngao iliyofungwa moja kwa moja kwenye chesisi huweza kuubadili wakati wa kufunguka kwa mifuko ya hewa, kwa kuwa vihisio vyake vilipimwa na kiwanda bila chuma hicho. Kwa hiyo anayehitaji ngao achague iliyotengenezwa kwa aina na mwaka wa gari lake, si iliyochomelewa kwa kukadiria.

Sahani za chini

Kama kuna kifaa ambacho madereva wa njia mbovu hukijutia kwa kutokuwa nacho, ni sahani ya chuma inayofunika sehemu ya chini ya injini. Jiwe moja likipasua bakuli la oili, injini huweza kufa katika dakika chache. Kwenye njia za mawe, ambako magurudumu ya malori yamechimba mitaro na kuacha kilima katikati, hatari hiyo ipo kila siku.

Lakini sahani nayo ina masharti. Katika mbuga zenye nyasi ndefu zilizokauka, nyasi hujisokota kati ya sahani na bomba la moshi, na bomba hilo huwa la moto kiasi cha kuziwasha. Anayesafiri kiangazi hana budi kusimama mara kwa mara, kuchungulia chini na kuzitoa. Wakati wa masika tope hujaa humo, likashika unyevu na kuozesha chuma. Sahani nzuri ina matundu ya kupitisha maji na ya kumwaga oili, na hufunguka kwa bolti chache.

Vivyo hivyo kwa vyuma vya ubavuni. Vile vyembamba vya kukanyagia hupinda vinapogonga jiwe, na huweza hata kuuzuia mlango usifunguke. Vinavyokinga kweli ni vile vilivyoshikizwa kwenye chesisi.

Bomba la hewa

Hapa ndipo penye kutoelewana kukubwa. Wengi huamini kwamba bomba lililoinuliwa hulipa gari ruhusa ya kuvuka mto wowote. Kazi yake ni moja tu: kuichotea injini hewa kutoka juu, ili isivute maji wala vumbi jingi. Maji hayabonyei kama hewa. Yakiingia ndani ya silinda, pistoni hugota na mikono yake hupinda. Kwa sababu hiyo bomba lina thamani, hata katika vumbi la kiangazi, mradi viungio vyake vyote vimezibwa sawasawa.

Bomba, hata hivyo, halilifanyi gari kuwa zito zaidi mbele ya mkondo. Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani huonya kwamba maji yanayokwenda kwa kasi yenye kina cha sentimita 60 huweza kuyachukua magari mengi, yakiwamo yale makubwa. Mto uliofurika hausomeki kwa macho. Aliyesubiri ng'ambo usiku mmoja amepoteza usiku mmoja.

Winchi, keria na hesabu ya uzito

Winchi ni msaada mkubwa kwa anayesafiri peke yake, lakini inahitaji betri yenye nguvu, kitu cha kujishikiza na mtumiaji aliyefunzwa. Katika mbuga isiyo na mti, dereva hulazimika kulifukia gurudumu la akiba ili alitumie kama nanga. Waya uliokatika huruka kwa nguvu ya kuua. Watu wote wakae mbali. Kadhalika mkanda wa kuvutia usifungwe kamwe kwenye kichwa cha mviringo cha kuvutia tela, kwani kikikatika huruka kama risasi.

Hasara inayosahaulika ni uzito. Sahani ya chuma yenye unene wa milimita 3 ina takribani kilo 23.5 kwa kila mita moja ya mraba. Tuchukue gari linaloruhusiwa kubeba kilo 700. Watu watano wenye wastani wa kilo 75 ni kilo 375. Ngao, winchi, sahani na keria zikiwa kilo 150, lita 40 za dizeli ya akiba kilo 34, na lita 40 za maji kilo 40, zinabaki kilo 101 tu kwa mizigo yote. Zaidi ya hapo springi hulegea, gari huchelewa kusimama, na mzigo wa juu ya keria hulifanya liwe jepesi kupinduka konani.

Kipi kitangulie

Kwa msafiri mwenye fedha za kiasi, mpangilio wenye busara ni huu: matairi imara na mawili ya akiba, kwa sababu miiba ya migunga haina simile, pampu ya upepo na kipimo chake, ili upepo upunguzwe kwenye mchanga na kurudishwa kwenye lami, sepetu, jeki na ubao wa kuiwekea, kisha sahani ya chini. Bomba la hewa lifuate kwa anayepita mara kwa mara kwenye vumbi zito au mito. Ngao na winchi viwe vya mwisho, kwa anayeishi na kufanya kazi porini.

Kabla ya kuvuka mpaka, msafiri aulize pia kampuni yake ya bima kama mabadiliko ya gari yanakubalika. Kadi ya Njano ya COMESA, inayotumiwa na wengi katika kanda, hulipia madhara anayopata mtu wa tatu. Haitengenezi gari la mwenye kadi.

Na kwa anayeendesha mjini, ambaye lami ndiyo njia yake ya kila siku, jibu ni fupi: ngao haimkingi na lolote, ila humwongezea hatari mtoto anayevuka barabara kwenda shule.