Kasi Dhidi ya Uzito: Risasi za Kipenyo Kidogo na Uwindaji katika Nyanda za Karatu na Ngorongoro hadi 1928

Katika historia ya hifadhi ya Ngorongoro, jina la Sir Charles Ross hutajwa kwa ufupi. Alikuwa mwungwana wa Scotland ambaye, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, alipata haki ya kutumia mashamba yaliyokuwa ya ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, ndani ya kreta. Katika historia ya silaha, Ross huyohuyo anajulikana kwa jambo jingine kabisa: ndiye aliyebuni bunduki ya Ross, na mwaka 1907 akatoa kiasi kilichoitwa .280 Ross, mojawapo ya viasi vya kwanza vya kuwindia kurusha risasi nyembamba kwa kasi inayokaribia mita 900 kwa sekunde. Historia hizo mbili zinahitaji kusomwa pamoja. Mtu aliyeamini kasi kuliko uzito alikuja kushika ardhi mahali ambapo wanyama wazito, faru, nyati na simba, waliishi kwa wingi, na hoja yake ilikuwa imekwisha kujaribiwa Afrika Mashariki kwa gharama ya uhai wa mtu.

Lugha yenyewe inadai ufafanuzi kabla ya kuendelea. Neno risasi, lenye asili ya Kiarabu, hutumika kwa madini laini na mazito, kwa kipande kinachotoka mtutuni, na mara nyingi hata kwa kifurushi kizima chenye ganda, fataki na baruti. Kiswahili cha zamani cha pwani kilikuwa na neno kiasi kwa kifurushi hicho, na ndilo linalotumika hapa. Tofauti hii si ya kamusi tu. Mabishano mengi juu ya silaha za kipenyo kidogo yalitokana na kusifu au kulaumu kiasi, ilhali tatizo lilikuwa katika risasi.

Mabadiliko yalianza Ufaransa mwaka 1884, Paul Vieille alipotengeneza baruti isiyotoa moshi mwingi. Baruti nyeusi ya awali haikuweza kusukuma risasi kwa kasi kubwa. Aliyetaka nguvu zaidi alilazimika kuongeza upana na uzito. Bunduki ya Kijerumani ya mwaka 1871 ilirusha kipande cha gramu 25 hivi, chenye kipenyo cha milimita 11, kwa mita 430 tu kwa sekunde. Bunduki ya mwaka 1898, ilipopewa risasi mpya yenye ncha kali, ilirusha gramu 10 kwa mita 880 hivi kwa sekunde. Njia ya risasi hiyo angani ilikaribia kunyooka, hivyo mlengaji hakuhitaji kukisia sana umbali. Teke la bunduki begani lilipungua. Kwa nchi ambayo mizigo ilisafiri vichwani mwa wapagazi, faida kubwa pengine ilikuwa ya mizani: kiasi kipya kilikuwa na zaidi kidogo ya nusu ya uzito wa kile cha zamani, kwa hiyo mpagazi mmoja aliweza kubeba karibu maradufu.

Thamani ya faida hizo ilionekana wazi vita vilipoanza mwaka 1914. Makampuni mengi ya askari wa Kijerumani katika Afrika Mashariki bado yalikuwa na bunduki za 1871, na kila mlio uliinua wingu lililomwonyesha adui mahali askari alipolala. Ndiyo maana bunduki 455 zilizotekwa Tanga mwezi Novemba mwaka huo zilihesabiwa kama hazina, na shehena ya meli Rubens, iliyofika Ghuba ya Manza mwaka 1915, iliokolewa majini na viasi vyake vikafunguliwa na kukaushwa.

Kwa bastola, jaribio la namna hiyohiyo lilifanywa na kampuni ya Mauser mwaka 1896. Bastola yake yenye viasi kumi ilitumia risasi ya milimita 7.63, gramu 5.5, kwa mita 430 hivi kwa sekunde. Winston Churchill aliichukua Omdurman, Sudan, mwaka 1898, kwa kuwa bega lake bovu lilimzuia kutumia upanga. Mpinzani wake mkubwa katika makoloni ya Kiingereza alikuwa Webley ya .455, bastola ya gurudumu, iliyorusha gramu 17 kwa mwendo wa polepole wa mita 185 hivi. Ukikokotoa nishati, Mauser inatoa takriban jouli 500 na Webley chini ya 300. Ukizidisha uzito kwa kasi tu, Webley inashinda kwa karibu theluthi moja. Kila upande ulikuwa na hesabu yake sahihi, na kila upande uliita hesabu hiyo nguvu.

Hesabu hazikumaliza ubishi kwa sababu mwili si ubao wa shabaha. Risasi nyembamba iliyovikwa metali ngumu hupenya sana na kuacha tundu dogo. Aliyepigwa aweza kufa baadaye, lakini dakika ile bado anasonga mbele. Malalamiko ya aina hiyo kutoka Chitral mwaka 1895 yaliwafanya Waingereza watengeneze risasi zinazopanuka katika karakana ya Dum Dum, karibu na Calcutta, hadi azimio la The Hague la 1899 lilipozikataza vitani. Wamarekani walipambana na tatizo hilo Ufilipino. Mwaka 1904 walipiga ng'ombe risasi katika machinjio ya Chicago kwa bastola za aina mbalimbali, ikiwemo Luger ya milimita 7.65, na wakahitimisha kuwa bastola ya kijeshi isiwe na kipenyo chini ya inchi .45. Sampuli yao ilikuwa ndogo na vipimo vyao vilikuwa vya kukadiria, ila hitimisho lilidumu miaka mingi.

Uwindaji wa Afrika Mashariki unatoa ushahidi ulio bora zaidi, kwa sababu unalinganisha vitu viwili vinavyofanana. W. D. M. Bell, aliyewinda ndovu Karamoja tangu mwaka 1902, aliua zaidi ya ndovu elfu moja, wengi wao kwa kiasi cha milimita 7 cha Mauser. Risasi yake ilikuwa na gramu 11.2, ndefu, ya kijeshi, iliyofunikwa kabisa kwa koti la metali, na kasi yake ilikuwa mita 700 tu kwa sekunde. Bell alijua ubongo wa ndovu ulipo kutoka kila upande, na risasi yake ilifika huko bila kupinda wala kuvunjika. Risasi ya .280 Ross ilikuwa na kipenyo karibu kilekile, tofauti ikiwa chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa karatasi ilikuwa na nishati kubwa zaidi kwa theluthi moja. Lakini risasi yake ya kuwindia ilikuwa nyepesi, yenye mrija wa shaba kwenye ncha ili ipanuke, na kwa kasi ile ilipasuka upesi ikikutana na mfupa au msuli mnene. Juu ya paa au swala ilikuwa silaha ya kutisha. Juu ya mnyama mzito ilitumia nguvu zake zote karibu na ngozi.

Mwisho wa Januari 1911, George Grey, ndugu wa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Sir Edward Grey, alikuwa akiwinda simba kwa farasi kusini-mashariki mwa Nairobi pamoja na Sir Alfred Pease. Hakuwa mgeni porini. Alikuwa ametafuta madini Katanga na kuijua Afrika kwa miaka mingi. Simba alimgeukia, naye akafyatua .280 Ross kwa karibu sana. Risasi zilimpata mnyama bila kumzuia. Grey alifariki hospitalini Nairobi siku chache baadaye kwa majeraha. Habari hiyo iliharibu jina la kiasi hicho miongoni mwa wawindaji, na baadhi yao waliongeza hukumu isiyo ya haki kwamba kila kipenyo kidogo hakifai. Bell wakati huo huo alikuwa akiendelea na milimita zake saba.

Mandhari ya Ngorongoro na Karatu yanaonyesha kwa nini wote wawili, msifu kasi na mlaumu kasi, wangeweza kupata uthibitisho. Sakafu ya kreta ni uwanda wazi wa kilomita za mraba 260 hivi, ambako nyumbu huonekana kutoka mbali na umbali hudanganya macho. Hapo risasi inayokwenda moja kwa moja ina thamani. Lakini anayepanda kutoka Karatu na Oldeani anaingia katika msitu wa mteremko wa kusini, wenye ukungu, ambako nyati au ndovu huonekana akiwa hatua chache mbele. Pale kunyooka kwa njia ya risasi hakuna maana. Linalotakiwa ni kupenya moja kwa moja na kusimamisha. Safari ya siku moja ilitosha kumtoa mwindaji katika ardhi moja hadi nyingine akiwa na bunduki ileile.

Sheria zilizofuata ziliuchukulia ugumu huu kwa njia rahisi. Hadi leo kanuni za uwindaji nchini Tanzania hudai kipenyo kisichopungua .375 kwa wanyama wakubwa wa hatari. Kipimo hicho kingemzuia Bell sawa na Grey, lakini kina ubora mmoja wa kiutawala: askari wa wanyamapori anaweza kukisoma kwenye mtutu, ilhali ugumu wa koti la risasi na utulivu wa mkono wa mwindaji haviandikwi popote. Kwa Ngorongoro kwenyewe, sheria ya 1921 ilianza kuweka uwindaji chini ya vibali. Mwaka 1928 uwindaji ulipigwa marufuku katika ardhi yote iliyo ndani ya ukingo wa kreta, isipokuwa sehemu moja tu iliyobaki nje ya katazo: mashamba ya zamani ya Siedentopf, yaleyale yaliyokuwa yamefika mikononi mwa Ross.