Safu ya Lugha: Uhuishaji na Usasishaji
Kompyuta ya Linux ikiandika “uhuishaji umezimwa”, usikimbilie kutafuta matoleo mapya ya programu. Wengi huchanganya uhuishaji na usasishaji, na kosa linaeleweka. Huisha ni ndugu wa hai, na asili yao ni Kiarabu. Kuhuisha ni kutia uhai. Ndiyo maana ofisini tunahuisha taarifa na leseni. Lakini uhuishaji wa skrini ni kuipa picha mwendo: dirisha linafunguka taratibu, menyu inateleza. Programu ikipata toleo jipya, neno lake ni kusasisha, lililozaliwa na sasa.

Tofauti hii humwokolea fundi muda. Anayetumia KDE Plasma, mojawapo ya mazingira ya eneo-kazi ya Linux, akisogeza kasi ya uhuishaji hadi mwisho ili madirisha yafunguke papo hapo, Plasma huzima uhuishaji hata katika mpangilio wa GTK, zana ya kuchora madirisha ya programu; kivinjari cha Firefox husoma mpangilio huo na kuziarifu tovuti kwamba mtumiaji anataka mwendo upunguzwe. Uhuishaji wa tovuti ukikoma, mtu hudhani kivinjari kimepitwa na wakati, akakisasisha bure. Dawa ni kuirudisha kasi hiyo nyuma kidogo, au kufungua ukurasa wa about:config ndani ya Firefox na kuipa ui.prefersReducedMotion thamani ya 0. Basi tuseme “uhuishaji umezimwa” pale mwendo unapokosekana, na “haijasasishwa” pale toleo linapokuwa la zamani. Tatizo likitajwa kwa jina lake, fundi hujua aanzie wapi.