Roma haikuficha kitu: mapapa, njiwa wa Piazza Navona na chama kilichochelewa kuzaliwa

Riwaya ya Dan Brown, Angels & Demons, ilipotoka mwaka 2000, iliwapa wasomaji Roma ambamo kila sanamu ni dira na kila dira inaelekea kwenye maficho ya chama cha siri cha Iluminati. Shujaa wake anakimbizana na saa kutoka kanisa la Santa Maria del Popolo hadi Uwanja wa Mtakatifu Petro, kisha Santa Maria della Vittoria, kisha chemchemi ya Piazza Navona, na hatimaye ngome ya Castel Sant'Angelo. Kwetu Afrika Mashariki jina la Iluminati halihitaji utangulizi, maana limekwisha kuchanganywa na Freemason katika kila uvumi wa mtu aliyetajirika ghafla. Linalostahili kuulizwa ni kwa nini msako huo uliwekwa Roma na ukakubalika. Wengi watajibu kwamba jiji ni kongwe na limejaa siri. Mimi naona sababu ni kinyume chake. Roma inafaa kwa msako kwa kuwa ilijengwa ili isomwe na kila apitaye, na waliouandika ujumbe wake ni mapapa wenyewe, mchana kweupe. Riwaya imeyachukua mabango ya mwenye nyumba na kutuuzia kama barua za mwizi.

Ushahidi wa kwanza ni mitaa yenyewe. Hujaji wa karne ya 16 alitakiwa kuyazuru makanisa makuu saba, na baadhi yake yalikuwa mbali, ng'ambo ya magofu na mashamba ya mizabibu. Papa Sixtus V, aliyetawala kwa miaka mitano tu, 1585 hadi 1590, alinyoosha barabara kati ya makanisa hayo na kuweka alama zinazoonekana kwa mbali. Alama zenyewe zilikuwa obeliski, zile nguzo za jiwe zenye ncha ambazo watawala wa Roma ya kale walizileta kutoka Misri. Mwaka 1586 fundi wake Domenico Fontana aliihamisha ile iliyokuwa ubavuni mwa kanisa la Mtakatifu Petro, yenye urefu wa zaidi ya mita 25, akaisimamisha mbele ya kanisa. Kazi hiyo ilihitaji watu wapatao 900, farasi kwa makumi, na msitu wa boriti na kamba. Nyingine zikafuata: karibu na Santa Maria Maggiore mwaka 1587, Laterano mwaka 1588, na Piazza del Popolo mwaka 1589, palepale mgeni kutoka kaskazini alipoingilia jijini. Kila moja ilivikwa msalaba kileleni. Kwa hiyo njia ya kufuata kutoka alama hadi alama ipo kweli Roma, ila aliyeichora alitaka hata asiyejua kusoma asipotee. Hata zile duara za mawe zenye nyota za falaki katika Uwanja wa Mtakatifu Petro, ambazo mpenda mafumbo akiziona moyo humdunda, ziliwekwa mwaka 1817 kupokea kivuli cha obeliski saa sita mchana na kuonyesha jua limefika wapi katika mwaka. Ni saa na kalenda ya umma.

Tusogee karibu zaidi, hadi Piazza Navona. Chemchemi ya Mito Minne ya Gian Lorenzo Bernini ilizinduliwa mwaka 1651 kwa ajili ya Papa Innocent X, mbele ya jumba la ukoo wake wa Pamphilj. Miamba imechongwa kama pango, mito minne imeketi pembeni kwa sura za wanaume wenye misuli, na katikati imepanda obeliski ambayo juu yake hakuna msalaba: kuna njiwa wa shaba mwenye tawi la mzeituni mdomoni. Katika riwaya, njiwa huyo ni kiungo cha msako, naye anawaelekeza mashujaa Castel Sant'Angelo. Lakini njiwa mwenye tawi la mzeituni ni nembo ya Pamphilj. Papa ameweka muhuri wa familia yake juu ya maji ya umma, jambo ambalo wakubwa wa Roma walilifanya bila haya wala siri. Kama kuna fumbo pale, liko chini kidogo, kwa Mto Naili, ambao umefunikwa kitambaa kichwani kwa kuwa Ulaya ya wakati ule haikujua chanzo chake. Ilipita miaka zaidi ya 200 kabla ya John Hanning Speke kufikishwa na msafara wake kwenye ufuko wa kusini wa Ziwa Viktoria, mwaka 1858. Siri pekee iliyochongwa katika chemchemi hiyo basi ilikuwa ya jiografia, na waliokaa kandokando ya ziwa hilo hawakuihesabu kuwa siri.

Hali ni hiyohiyo katika kikanisa cha Chigi ndani ya Santa Maria del Popolo. Makaburi yake yana umbo la piramidi, na msomaji wa leo akiona piramidi kanisani anafikiria chama cha siri mara moja. Raphael aliyasanifu mwanzoni mwa karne ya 16 kwa ajili ya mwenye benki Agostino Chigi, katika jiji ambalo lilikuwa na piramidi yake tayari, kaburi la Cestius, lililojengwa kabla ya Kristo na linalosimama hadi leo. Bernini alikuja kuongeza sanamu baadaye, kwa agizo la Fabio Chigi, ambaye mwaka 1655 akawa Papa Alexander VII. Mteja ni papa, fundi ni mtu wa papa, na umbo limeigwa kwa Warumi wa kale.

Halafu kuna tarehe, na hapa riwaya haina pa kushika. Inawafanya Galileo na Bernini kuwa watu wa Iluminati. Galileo alifariki mwaka 1642, Bernini mwaka 1680. Iluminati wa kweli walianzishwa tarehe 1 Mei 1776 huko Ingolstadt, Bavaria, na Adam Weishaupt, profesa wa sheria za Kanisa aliyechoshwa na nguvu ya Wajesuiti katika chuo chake. Hawakudumu hata miaka kumi. Mtawala wa Bavaria, Karl Theodor, alipiga marufuku vyama vya siri mwaka 1784, akakitaja chao kwa jina mwaka uliofuata, na barua zao zilizonaswa zikachapishwa na serikali. Barua hizo zilitumia majina ya kupachika, Munich ikiitwa Athens. Jina la Roma pia limo, ila lilimaanisha Vienna.

Mtu atasema: mbona Roma ilikuwa na vyama vya siri vya kweli? Ilikuwa navyo, na ndiyo maana habari zao zinanisaidia. Clement XII alikwisha kuwapiga marufuku Freemason mwaka 1738. Cagliostro, aliyejaribu kuanzisha tawi lake la Kimasoni palepale Roma, alikamatwa mwishoni mwa 1789 na kufungwa Castel Sant'Angelo. Ngome ambayo riwaya inaifanya maficho ya chama ilikuwa gereza la watu wa vyama. Hata kile kichochoro cha kuiunganisha na Vatikani, ambacho Clement VII alikitumia kukimbia mwaka 1527 jiji lilipovamiwa, kimepita juu ya ukuta unaoonekana na kila mtu mtaani. Watu wa siri wa kweli hawakuwa na pesa za kumwajiri Bernini, na lau wangekuwa nazo, kuchonga njia ya kuelekea mlangoni kwao kungekuwa wazimu.

Wapo pia watakaosema kwamba hii ni hadithi tu, na riwaya haidaiwi tarehe. Ningekubali mara moja, isipokuwa kitabu chenyewe kinaanza kwa tamko kwamba sanaa, makaburi na njia za chini kwa chini kinazotaja ni za kweli, na kwamba udugu wa Iluminati nao ni wa kweli. Mwandishi akishadai hivyo, msomaji ana haki ya kumpima. Na anayetaka chama cha siri cha Roma chenye ushahidi asihangaike na piramidi za Chigi. Tarehe 23 Novemba 1825, katika Piazza del Popolo, serikali ya Papa iliwakata vichwa Angelo Targhini na Leonida Montanari, wanachama wa Carbonari. Kibao chao kiliwekwa uwanjani hapo mwaka 1909, na kimeandikwa kwa Kiitaliano cha kawaida.