Hofu ya Kufa katika Njia ya Misafara

Miaka michache iliyopita, katika juma moja la mwezi wa Agosti, tulizika watu wawili hapa Isikizya. Wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa, aliyehesabu sadaka kwa zaidi ya miaka ishirini na aliyeimba nyimbo nyingi za Mwimbieni Bwana bila kufungua kitabu. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtu ambaye hakuficha kwamba hamwamini Mungu. Alibatizwa utotoni, akaliacha kanisa akiwa kijana, na kila tulipomtembelea alitukaribisha chai na kutuambia kwa upole kwamba mtu akifa amekwisha, kama taa iliyoishiwa mafuta.

Mzee wa kanisa alikufa kwa hofu. Katika siku zake za mwisho hakutaka taa izimwe usiku. Alishika mkono wa mkewe hadi vidole vikamfa ganzi mama yule, na mara tatu alituuliza kama kosa fulani la ujana wake lilikuwa limesamehewa kweli. Mwalimu alilipa madeni yake, akagawa vitabu vyake, akaonyesha mahali pa kaburi chini ya mwembe, kisha akatuomba radhi kwa kutusumbua na safari ya kuja kumwona.

Matanga yalipokwisha, mjane wa mzee wa kanisa alikuja ofisini. Aliamkia, akakaa, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Baba Mchungaji, mbona mwalimu hakuogopa, na mume wangu mtu wa Mungu aliogopa? Imani yake ilikuwa ya uongo?" Tulimsomea andiko, tukaomba naye, akashukuru akaenda zake. Tulijua kwamba hatukumjibu. Haya tunayoandika ndiyo tuliyopaswa kumwambia siku ile, na inabidi tuyachukue mbali kidogo, katika njia ya zamani ambayo wengi wetu tunapita karibu nayo kila tuendapo Tabora mjini.

Kila msharika wa huku anajua kwamba Tabora, iliyoitwa pia Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo watu walipita Ugogo na pori la Mgunda Mkali hadi Unyanyembe, na hapo njia ziligawanyika: moja Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe na marobota ya nguo. Ndui, njaa na kuhara damu viliwaua njiani, na aliyeshindwa kutembea mara nyingi aliachwa pale alipoanguka. Hawa ndio waliokufa wengi kuliko wote, na majina yao hayakuandikwa na mtu. Wageni wachache waliopita waliandika, na kwa sababu waliandika tunaweza kuona jinsi walivyokitazama kifo. Tuchukue wawili.

Richard Burton alifika Kazeh Novemba 1857. Alikuwa Mwingereza aliyejua lugha nyingi, aliyewahi kwenda Makka akijifanya Mwislamu, na aliyezidharau dini nyingi alizozisoma, ya kwao pia. Mnamo Januari 1858, magharibi mwa Tabora, mahali alipopaandika kwa jina la Kajjanjeri, alishikwa na homa kali, miguu ikapooza, akaona kifo kiko mlangoni. Katika kitabu chake cha safari alieleza mawazo yake ya saa ile. Hakuna sala ndani yake. Alijifariji kwamba mwenzake Speke angeweza kupona na kuyafikisha nyumbani matokeo ya safari, kwamba yeye amejitahidi kadiri ya uwezo wake, na sasa limebaki kufa kwa heshima tu. Hakufa. Ilichukua karibu mwaka kabla miguu haijarudia nguvu zake. Miaka mingi baadaye, 1880, alitoa shairi refu liitwalo Kasidah, akijificha nyuma ya jina la haji wa kubuni, na humo anafundisha kwamba mtu atende yaliyo mema kwa kujiheshimu mwenyewe, bila kungoja malipo ng'ambo ya kaburi. Alipofariki Trieste mwaka 1890, mkewe, Mkatoliki mwaminifu, alimwita padre ampake mafuta matakatifu. Marafiki wa Burton walikasirika sana. Mpaka leo wanaoandika habari zake hawakubaliani aliamini nini. Sisi hatutaki kuwaamulia.

Wa pili ni David Livingstone. Nyumba aliyokaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, ipo mpaka sasa kama makumbusho, na vijana wetu wa kipaimara huipenda safari hiyo kwa sababu ya soda tunazowanunulia wakati wa kurudi. Alikaa hapo mwaka 1872, kuanzia Februari alipofika na Stanley hadi Agosti 25, akingoja wapagazi kutoka pwani. Mwezi Machi, siku ya kuzaliwa kwake, aliandika katika shajara yake sala fupi ya kujitoa upya kwa Yesu. Sala hiyo inajulikana, na wahubiri tunaipenda.

Tusiyopenda kuyahubiri ni haya. Mwaka 1862, mkewe Mary alipokufa kwa homa huko Shupanga kando ya Zambezi, Livingstone aliandika kwamba kwa mara ya kwanza maishani anatamani kufa. Mwaka 1868 alikuta kaburi la mtu asiyemjua ndani ya msitu, akaandika kwamba angependa kulala mahali penye utulivu kama pale, ambapo hakuna mkono wa kuisumbua mifupa yake. Huyu ndiye mtu wa imani. Alikuwa na huzuni iliyomfanya akitamani kifo, na alikuwa na sala. Vyote viwili vimo katika mwandiko wa mkono mmoja.

Ukiwaweka wawili hawa pamoja, huwezi kusema kirahisi kwamba mwenye imani alikuwa na amani na asiye nayo alitetemeka. Wala si Tabora peke yake. Huko Scotland, nchi ya Livingstone, miaka mia moja kabla, mwanafalsafa David Hume alikuwa akifa. Hakuamini kwamba roho inaishi baada ya mwili. Mnamo Julai 1776 rafiki yake James Boswell, aliyekuwa mwumini, alikwenda kumwona ili ajue kama saa ya mwisho ingembadilisha. Alimkuta mchangamfu, akizungumza na hata kutania. Aliyetoka mle chumbani akiwa ametikisika ni Boswell. Hume alikufa Agosti 25 mwaka huohuo.

Na katika wakati wetu, mwaka 2017, watafiti wa Oxford walikusanya tafiti zipatazo 100 zilizofanywa kati ya 1961 na 2014, zenye watu wapatao 26,000, kuangalia uhusiano wa dini na hofu ya kifo. Zaidi ya nusu ya tafiti hizo hazikuonyesha uhusiano wowote. Nyingine zilionyesha wenye dini wanaogopa kidogo zaidi ya wenzao, na nyingine, karibu moja katika kila tano, zilionyesha kinyume, kwamba wanaogopa zaidi. Zilikuwepo chache, 11, zilizouliza swali kwa namna nyingine, na 10 kati yake zikaona kwamba wasioamini kabisa na walio na imani sana wote huogopa kidogo, na wanaoogopa zaidi ni walio katikati. Wengi wa waliohojiwa waliishi Marekani. Hakuna aliyekuja kuuliza Uyui. Hata hivyo hatuoni sababu ya kuukataa ukweli huo, maana wachungaji tunauona vitandani.

Hapo mjane wetu angeweza kusema, "Basi mume wangu alikuwa wa katikati." Tusingekubali. Hofu ya mtu anayekufa haipimi imani yake kama mizani ya pamba. Martin Luther, ambaye jina lake tunalibeba, alimzika binti yake Magdalena mwaka 1542, mtoto wa miaka 13, akalia mbele za watu, akasema waziwazi kwamba rohoni anafurahi na mwilini ana huzuni kuu. Na mwaka 1519, alipoandika hotuba juu ya kujiandaa kufa, aliiandika kwa ajili ya watu wenye hofu. Anakifananisha kifo na mtoto anayezaliwa kwa kupita mlango mwembamba kwa dhiki. Anashauri mtu asikitazame kifo kwa macho makavu wakati kinapomjia, bali amtazame Kristo. Kisha anasema jambo ambalo kwetu ndilo kiini: Mkristo asiwe na shaka kwamba katika kufa hayuko peke yake, maana macho mengi yanamwangalia. Hasemi kwamba hataogopa. Na Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemane alihuzunika kiasi cha kufa, akawaomba rafiki zake wakeshe naye. Walilala.

Turudi njiani. Livingstone alifia kijijini kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, usiku wa kuamkia Mei 1, 1873. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda. Waliokuwa naye waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma ibada ya mazishi. Jacob alikuwa Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa Nasik, India, naye alikuwa amefika Kwihara Agosti 1872 pamoja na wale wapagazi waliongojwa. Mwili waliukausha juani, wakaufunga kwa kaniki na magome ya mti, wakaanza safari ya kwenda pwani, zaidi ya kilomita 1,600.

Ndugu msomaji, usipite hapa haraka. Kubeba maiti katika nchi hizi halikuwa jambo dogo. Vijiji viliiogopa, na mpagazi aliyejua mizimu aliiogopa kuliko mtu yeyote. Kati ya wabebaji, Chuma alikuwa amebatizwa Bombay mwaka 1865. Susi, aliyekuwa kiongozi pamoja naye, alibatizwa baadaye sana, 1886. Wengine wengi hawakuwa Wakristo kabisa. Hawakukubaliana juu ya kinachompata mtu baada ya kufa. Walikubaliana kwamba hawatamwacha.

Walifika Unyanyembe Oktoba 1873, wakamkuta Luteni Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike hapahapa, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Walikataa. Walipoondoka Novemba, daktari wa msafara wa Cameron, Dillon, alikwenda nao kwa sababu alikuwa mgonjwa sana wa homa na kuhara. Huko Kasekera, Novemba 18, homa ikiwa imempanda kichwani, alijiua. Akazikwa porini. Zamani makanisa mengi yaliwahukumu watu wa namna hiyo bila kuuliza walikuwa wanaumwa nini. Sisi tunasema tu kwamba alikuwa mgonjwa, na kwamba hatumjui vya kutosha kusema zaidi.

Palepale Kasekera watu wa nchi walikataa maiti isipite. Wabebaji wakatengeneza robota la mabua, wakalifunga kama maiti, wakatuma watu walirudishe Unyanyembe eti kwa mazishi, nao wakalitupa porini usiku na kurudi kimyakimya. Mwili wenyewe wakaufunga upya kama mzigo wa nguo. Ukafika Bagamoyo Februari 1874, ukazikwa London, Westminster Abbey, Aprili 18, na Jacob alikuwa mmoja wa walioshika jeneza. Kaburi la msituni alilolitamani Livingstone hakulipata, ila kwa moyo wake. Jacob alirudi Afrika, akafanya kazi na wamisionari, akafa Urambo mwaka 1892, si mbali na hapa. Anayepita Urambo leo kununua tumbaku hapiti mbali na mahali alipofia.

Na Burton? Naye alibebwa. Alipopooza, wapagazi walimchukua kwa machela, na aliporudi Kazeh alitunzwa na mfanyabiashara kutoka Oman, Snay bin Amir, Mwislamu. Mtu aliyesema anamalizia maisha kwa nguvu za heshima yake mwenyewe alilala juu ya mabega ya watu.

Hatusemi kwamba imani ni kubebana tu. Tunaamini ufufuo, na tuliutangaza juu ya kaburi la mzee wetu. Tunachokiri ni kwamba tumewahi kuhubiri mazishini kana kwamba Mkristo wa kweli hufa akitabasamu, na kwa maneno hayo tumewaongezea wagonjwa wetu mzigo wa pili: kuogopa kwamba wanaogopa. Yule mwalimu tulimtembelea tukitaka kumwona akitetemeka, kama Boswell. Alitupa chai.

Mwaka jana tulikwenda kwa mjane yule, tukakaa naye chini ya mti, tukamsimulia habari hizi zote kwa muda wa jioni nzima. Alisikiliza akichambua karanga. Burton hakumvutia. Alipotufikisha usiku wa Chitambo alitukatiza.

"Nani alikuwa analala naye mle ndani?"

Tukamwambia ni kijana mmoja aitwaye Majwara. Alikuwa amewekwa akeshe, lakini usingizi ulimchukua, na alipoamka alimkuta bwana wake amepiga magoti, akaenda kumwita Susi.

"Alisinzia," akasema mama. Akaacha karanga, akaitazama mikono yake. "Mimi sikusinzia, Baba Mchungaji. Siku zote zile. Alinishika hapa."